Chaja Inayotekenya

Busisi, 11 Februari 2024

Mwanangu Nestory,

Hapa nyumbani tu wazima, isipokuwa baba yako mdogo Paulo. Goti limemkamata tena, anatembea kama mtu anayepanda ngazi mahali pasipo na ngazi. Mihogo imeshika vizuri, mbuzi mweusi amezaa pacha, na mafundi wa daraja wanagonga vyuma mchana kutwa hadi tumezoea. Siku wakinyamaza, watu hutoka nje kuangalia kuna nini. Mwambie Queen picha ya ng'ombe aliyonichorea nimeibandika ukutani. Msalimie sana mama yake, Teodora.

Chaja uliyompa Chenge wa kivuko aniletee niliipata siku ileile. Ahsante kwa kunikumbuka. Sasa nina maswali, na wewe unajua kwangu simu ni ya salamu tu. Jambo lenye maswali nalitaka kwenye karatasi, jibu lisije likapeperuka.

Nikigusa kioo wakati simu iko kwenye umeme, kioo kinaruka. Nabonyeza jina la Paulo, anapigiwa katekista. Jumatatu alipigiwa mara tatu, akaja mbio na Biblia kwapani akidhani nimefiwa. Nikichomoa chaja, kioo kinatulia. Halafu simu hii ina ukingo wa chuma. Nikiupapasa taratibu kwa ncha ya kidole wakati inachaji, nasikia mtekenyo, kama ule wa kitambaa kinapotoka kwenye mashine ya kukaushia. Nimejaribu nikiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji: inatekenya sana. Nikivaa ndala, kidogo. Nikipanda kitandani miguu juu, hakuna kitu. Nikarudisha chaja yangu ya zamani, ile iliyolegea shingo, nikarudia yote. Kimya kabisa.

Tena hii mpya ina miguu miwili, na soketi yangu ni ya matundu matatu. Lazima nichokonoe tundu la juu kwa kalamu ndipo iingie. Nani alitengeneza kitu kwa ajili ya nyumba zetu bila kuangalia ukuta wetu?

Nilikagua kitambaa kiwandani hapo Nyakato miaka ishirini na miwili. Tulifundishwa kwamba kasoro haijileti, ina mashine yake. Ukiiona kwenye kitambaa unarudi nyuma hadi uikute ilikozaliwa. Kwa hiyo nauliza bila ubaya: hii chaja imezaliwa wapi, na wewe uliipata kwa nani?

Ni mimi shangazi yako,
Evelina


Nyakato, Mwanza, 25 Februari 2024

Shangazi, shikamoo.

Sisi huku hatujambo. Queen ameingia darasa la tatu na ameanza kutusahihisha Kiswahili tukiwa mezani. Teodora anakusalimu, anasema dagaa uliotuma walikuwa watamu kuliko wa sokoni hapa mjini. Mpe pole baba mdogo. Nitamtafutia ile dawa ya kuchua.

Kuhusu chaja, usiwe na wasiwasi. Mtekenyo ni jambo la kawaida, hata huku mjini wanausikia, ni umeme wetu tu haujatulia. Wewe vaa ndala, na usitumie simu wakati inachaji. Hayo ya kioo kuruka yataisha ukizima data.

Chaja zenyewe kuna rafiki yangu huwa anaagiza mtandaoni. Anaangalia picha kwenye simu, anachagua, analipa, na baada ya wiki tano au sita boksi linafika Dar, kisha linapandishwa basi hadi Mwanza. Mimi aliniuzia moja tu nikaona nikutumie. Zilikozaliwa sijui, Shangazi. Kwenye boksi kuna maandishi ya Kichina na picha ya umeme wa radi.

Biashara ya kava na vioo vya simu inakwenda. Ahsante kwa maombi yako.

Mwanao,
Nestory


Busisi, 10 Machi 2024

Mwanangu Nestory,

Marahaba. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa, mwingine ana nguvu za wawili. Paulo anasubiri hiyo dawa ya kuchua na kila jioni anauliza kama Chenge amevuka.

Nilivaa ndala kama ulivyosema. Ndala inanificha mimi. Kasoro imebaki palepale. Basi nimeifungua.

Usikasirike kwanza. Niliichomoa ukutani, nikaiacha siku nzima, ndipo nikaipasua kwa kisu cha kumenyea mihogo. Ya zamani nayo nikaifungua kwa bisibisi ya Paulo. Kabla ya hapo nilikwenda kuzipima. Mizani ya sokoni haikuhisi chochote, nikaenda kwa Machibya, yule anayenunua dhahabu karibu na kituo cha magari. Mizani yake inahisi hata unyoya wa kuku. Watu wawili wenye dhahabu kwenye kitambaa walinipisha, wakitaka kuona bibi ameleta nini. Chaja ya zamani: gramu arobaini na moja. Ya rafiki yako: gramu ishirini na tatu. Mmoja wao akacheka, "Mama, hiyo wamekuuzia ganda."

Bahati nzuri Machibya alikuwa fundi redio kabla ya dhahabu. Nilipokwisha kuzifungua nilizirudisha kwake, tukaziweka mezani zote mbili, akanionyesha kwa kijiti cha kiberiti. Ndani ya chaja kuna pande mbili. Upande mmoja ni umeme mkali wa ukutani, upande wa pili ni ule mdogo unaokwenda kwenye simu. Pande hizo hazitakiwi kukutana. Zinapeana nguvu kupitia kijikopo cha nyaya zilizosokotwa, kama jirani anayekupa kaa la moto kupitia dirishani bila kuingia kwako. Kwenye ya zamani, kati ya pande hizo pana nafasi ya upana wa kidole changu kidogo, na ubao umekatwa mfereji katikati. Kwenye mpya nafasi ni unene wa ukucha. Na katikati ya huo ukucha, mwanangu, pana tone la risasi ya kuunganishia nyaya limemwagika na kuachwa. Ule utepe wa kuzungushia nyaya ndani ya kijikopo ni safu moja. Ya zamani ina tatu.

Machibya akasema, "Mama Evelina, usiichomeke tena hii." Nikamwambia nitaichomekaje, nimeshaipasua.

Lakini mkaguzi hahukumu jora zima kwa mita moja. Huenda hii ni ya bahati mbaya na nyingine ni nzima. Mwombe rafiki yako nyingine tano, nizipime. Nataka sana kujua.

Evelina


Nyakato, 21 Aprili 2024

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa tunahama. Nimepata fremu ya duka kubwa zaidi pale Nyamagana, karibu na stendi, ina mlango wa kioo na feni. Teodora alikuja kunisaidia kupanga. Queen alipata homa, sasa amepona.

Yule rafiki amemaliza mzigo, hana tena chaja zile. Sitaweza kukutumia.

Shangazi, nakuomba usifungue vitu vya umeme. Wewe si fundi. Ninatuma na barua hii chaja nyingine nzuri, ya dukani, pamoja na sukari kilo mbili na dawa ya baba mdogo. Tumia hiyo, ile nyingine tupa chooni.

Nestory


Busisi, 2 Juni 2024

Mwanangu Nestory,

Marahaba. Mwandiko usikushangaze. Ninajizoeza kuandika kwa mkono wa kushoto. Nimeona si vizuri mtu kuzeeka hajui upande wake wa pili unaweza nini. Unaweza kidogo, kama unavyoona, kwa hiyo leo ni barua fupi.

Hongera kwa fremu. Paulo amejichua, anakwenda hadi kanisani bila fimbo. Ziwa limejaa, maji yamefika kwenye mawe ya kufulia.

Chaja uliyotuma ni nzuri, gramu arobaini na tatu. Lakini nilikuwa nimeshanunua tatu za aina ile ya kwanza hapa Busisi, kwa Revocatus mwenye kibanda cha vocha. Boksi moja, rangi moja, radi ileile. Nikazipima: ishirini na nne, ishirini na tatu, na ya tatu arobaini! Tulipoifungua, hiyo ya tatu ilikuwa na nafasi, mfereji, utepe safu tatu, kila kitu. Sasa nimechanganyikiwa. Anayejua kutengeneza vizuri, kwa nini atengeneze na vibaya, kisha avivishe nguo moja? Au ni mashine mbili, wenye mali wawili, na mtu wa katikati anayechanganya?

Revocatus anasema anazichukua Mwanza, kwa kijana mmoja mpole mwenye fremu karibu na stendi. Sikuuliza jina.

Mkono umechoka.

Evelina


Nyakato, 16 Juni 2024

Shangazi, shikamoo.

Leo sina salamu ndefu. Jana Chenge alikuja dukani kununua kava. Nikamwuliza, "Shangazi hajambo?" Akaniangalia. Akasema, "Kwani hawajakuambia? Mama Evelina alipigwa shoti mwezi uliopita. Alikuwa pekupeku, ametoka kufua, ameshika simu. Ilimtupa. Amevunjika mkono na vidole viwili vimeungua." Nilikaa chini kwenye boksi. Mteja aliingia akaniuliza bei ya kitu, hadi leo sijui nilimjibu nini.

Hakuna rafiki, Shangazi. Ni mimi. Naagiza tangu Desemba, maboksi matatu, kila moja chaja mia. Picha ilikuwa nzuri, maoni ya wanunuzi yalikuwa mazuri, na bei ilikuwa nusu ya wengine. Ulipoandika Februari kwamba inatekenya, nilikuwa nimeshasikia hayo kwa wateja wanne. Nami niliwajibu kama nilivyokujibu wewe: vaa ndala.

Chenge alipoondoka nilifunga fremu nikachukua chaja kumi kwenye mfuko, nikaenda kwa Mzee Sadrudin, mtaa wa nyuma. Anauza vifaa vya umeme, duka lilikuwa la babu yake. Mimi nilikuwa simpendi kwa sababu kila mara wateja husema, "Kwa Sadrudin chaja ni ghali lakini inadumu." Nilimwaga zangu kwenye kaunta. Alileta kipimo cha kupima kama umeme unapenya pasipotakiwa, akabana ncha moja kwenye miguu ya chaja, nyingine kwenye tundu la waya wa simu. Saba kati ya kumi zilipeleka mshale mahali pabaya. Akaipasua moja, akavaa miwani.

"Kijana," akasema, "hii si chaja. Huu ni waya wa ukutani umevalishwa koti."

Nikamwambia, "Shangazi yangu alinieleza hivyo tangu Machi."

"Ni fundi?"

"Alikuwa mkaguzi wa vitambaa."

Akavua miwani. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Mimi pia niliziuza, mwaka juzi. Nilipogundua, zilizobaki nilizitupa shimoni. Zilizokwisha kwenda sikumwambia mtu. Bado nikiona moto mtaani nauliza umeanzia wapi." Akanirudishia mfuko. "Wewe utamwambia nani?"

Nilipanda bodaboda hadi nyumbani. Nilikuwa nimekumbuka kwamba hata kwetu zipo. Nilizikuta tatu: moja jikoni, moja sebuleni, moja kando ya mto wa Queen, chini ya chandarua, kwa sababu huwa anasoma hadithi kwenye simu ya mama yake. Nilichomoa zote. Teodora akaniuliza kuna nini. Nilipomweleza, akasema, "Hizi zinanitekenya mkono tangu Januari. Nilidhani ni mimi."

Nakuja Jumamosi.

Nestory


Busisi, 30 Juni 2024

Mwanangu Nestory,

Ulikuja, ukakaa, ukala ugali na sato, na kwa saa tatu tuliongea habari za mbuzi na daraja. Uliangalia plasta yangu kila nilipogeuka, nikigeukia kwako unaangalia dirisha. Wewe na mimi ni ukoo mmoja. Marehemu baba yako naye alikuwa hivyo, jambo zito alilipeleka posta. Kwa hiyo naandika, na bado ni kwa kushoto.

Nilijua tangu Mei, Revocatus aliponieleza sura yako hadi mwanya wa meno. Ningeweza kukuuliza. Sikutaka ujibu kwa kubanwa. Kiwandani niliwahi kumbana kijana wa mashine mbele ya wenzake. Alikiri kasoro moja, na kuanzia siku hiyo akawa fundi wa kuficha nyingine.

Sasa la kwangu. Hukunipiga shoti wewe. Machibya alinikataza, nami nilikuwa najua. Nilitaka tu kuona kama zile mbili nyepesi zinatekenya sawasawa au moja inazidi. Nilitoka kufua, miguu imelowa, nikajiambia ni mara moja tu. Mguso wa kwanza ulikuwa mtekenyo. Wa pili sikuusikia kama mtekenyo, Nestory. Niliusikia kama mtu amenishika kifuani kutoka ndani. Nilipoamka Paulo alikuwa analia, na mimi sijawahi kumwona Paulo akilia. Nilimkataza asikuambie kwa sababu niliona aibu. Mzee mzima, tena mkaguzi. Hayo ya kujizoeza kushoto ulikuwa uongo, ingawa sasa yamekuwa kweli.

Nimekaa na Revocatus. Aliuza kumi na nne, ukiacha zangu tatu, na kwa kuwa hapa tunajuana, anakumbuka karibu wote: muuza samaki, mwalimu wa chekechea, fundi cherehani, vijana wa daraja. Ninakutumia majina nyuma ya karatasi hii. Wawili hawajui walikokwenda. Na mbili zilinunuliwa na mkunga wa kisiwa cha Kome aliyekuwa anasubiri gari. Hakumwuliza jina. Anasema alikuwa na mkoba wa kijani.

Sikuambii ufanye nini. Nauliza tu: mita mbovu zikishatoka kiwandani na kushonwa nguo, zinarudishwaje?

Evelina


Kome, 4 Agosti 2024

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa kisiwani, kwenye benchi la wagonjwa nje ya zahanati, asubuhi ya Jumapili. Nyumbani niliwaacha wazima. Teodora ndiye anayesimamia fremu, na nimesikia ameifanya iwe safi kuliko nilivyoiacha.

Kwanza nikueleze yaliyopita, maana nimekaa kimya mwezi mzima. Nilibandika karatasi kubwa kwenye mlango wa kioo: aliyenunua kwangu chaja nyeupe ya miguu miwili tangu Desemba airudishe, apewe nyingine. Jirani yangu wa kushoto, muuza redio, alikuja akasimama akaisoma mara mbili. "Unatuharibia mtaa," akasema. "Kesho watadai na sisi." Wateja wengine walicheka. Wengine walileta chaja ambazo hata sikuuza mimi, nikazipokea vilevile. Mama mmoja alikataa kutoa yake, akasema mwaka wa kwanza huu anapata kitu kisichokufa upesi. Nilimwonyesha ile iliyopasuliwa, na lile tone la risasi. Aliliangalia sana, kisha akaitoa kwenye pochi kama anayetoa mdudu.

Mzee Sadrudin aliniazima kipimo chake. Tuliweka meza dukani kwake, tukapima zote zilizobaki na zilizorudi. Ulisema kweli kuhusu mashine mbili. Nzima na mbovu zimechanganywa ndani ya boksi moja, na kwa nje hakuna jicho linaloweza kuzitenga, ila mizani na kipimo. Nilimwandikia yule muuzaji wa mtandaoni. Alinijibu kwa picha ya mikono inayoshukuru, na punguzo kwa agizo lijalo. Nilipouliza mara ya pili, duka lake halikuwepo tena. Na hizo nilizouzia wapita njia wa stendi, waliokuwa wanakwenda Musoma, Bukoba, Shinyanga, nyingi sitazipata kamwe. Hilo nalijua, na sijui nilibebeje.

Lakini za Busisi ulinipa majina. Kati ya kumi na nne nilipata kumi. Zikabaki zile mbili zisizojulikana, na mbili za mkunga.

Jana nilivuka na boti ya wachuuzi. Haikuwa vigumu, nilipouliza mkunga mwenye mkoba wa kijani, kila mtu alinyoosha kidole upande uleule. Anaitwa Paskazia, ni mtu wa makamo, sauti yake ni ya chini. Nilimkuta anaanua mashuka. Nikasalimia, nikamweleza kwamba nimekuja kufuata chaja mbili nyeupe alizonunua Busisi.

"Umetoka wapi?"

"Mwanza."

"Umetoka Mwanza hadi huku kwa ajili ya chaja?"

"Ndiyo, Mama. Zinaweza kuua."

"Na wewe ni nani? Wa serikali?"

Shangazi, hapo nilikuwa nimeshaandaa maneno. Ningeweza kusema ninasaidia, ninazunguka kuelimisha watu. Nikasema, "Ni mimi niliyeziuza."

Alikunja shuka alilokuwa nalo hadi likaisha. Kisha akaingia ndani, akatoka nazo mkononi. Zahanati hii ina umeme wa jua, na mashine ya kuugeuza uwe kama wa nyumbani. Chaja moja ilikuwa ya simu yake. Nyingine ilikuwa ya taa ndogo ya kichwani, ile anayovaa akizalisha. Anaichomeka chumbani humo, kando ya kitanda, sakafu ikiwa imelowa.

Nilizipima hapo hapo. Ya simu ilikuwa nzima. Ya taa ilikuwa mbovu kuliko zote nilizoziona.

Nilifikiri atanifukuza. Badala yake alisema, "Ifungue nione." Kulikuwa na akina mama saba wanaosubiri kliniki, wakasogea na watoto wao mgongoni. Nikaipasua juu ya benchi hili. Nikawaonyesha pande mbili, nikawaeleza habari ya jirani na kaa la moto dirishani, maneno yako, sikuwa na mengine. Wakaanza kuuliza. Kwa nini inatekenya mtu mmoja na mwingine haimtekenyi? Kwa nini mtoto aliyelala juu ya godoro hasikii? Uzito unaweza kudanganya, wakiweka kokoto ndani? Je, ile alama ya ubora iliyochapwa pale, mtu yeyote anaweza kuichapa? Mengine nilijibu, mengine nilisema sijui. Mmoja alikwenda nyumbani kwake mbio akarudi na chaja nne za majirani. Boti ya kurudi ilipiga honi, nikasikia, lakini nilikuwa nimeshika kipimo na watu wamepanga foleni. Ikaondoka bila mimi. Mama Paskazia alinipa chumba kwa mdogo wake, na nimekunywa uji wao asubuhi hii.

Maswali niliyoshindwa nimeyaandika, nakuletea yote. Lakini moja nalitanguliza kwenye barua hii kwa sababu limenikalia. Kulikuwa na binti mmoja, mimba yake kubwa. Aliichukua ile iliyopasuliwa, akaigeuzageuza kwenye kiganja, akauliza polepole:

"Yule aliyeitengeneza, anajua kwamba sisi tupo?"

Wote wakaniangalia mimi. Shangazi, wewe ungemjibuje?

Mwanao,
Nestory